Kabla Hujaandika "Walihama": Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Utafiti wa Kashmir

Mwezi huu nimesoma rasimu tatu za sura ya kwanza. Zote za wadogo zetu walioko India kwa shahada ya uzamili, zote kuhusu Kashmir, eneo linalogombaniwa na India na Pakistan, na zote zimejikwaa kwenye kisiki kilekile kilichoning'oa mimi kucha. Nilianza kumjibu kila mtu kivyake, nikachoka kwa wa pili. Basi someni wote hapa, na anayejiona amesemwa asinune. Aliyesemwa zaidi humu ni mimi.

1. Vitenzi.

Rasimu ya kwanza imeandika hivi kuhusu Wapandit, yaani Wahindu wenyeji wa Kashmir: "Mwaka 1990 Wapandit walihama Bonde la Kashmir." Ya pili: "walifukuzwa". Ya tatu: "walihamishwa". Jamani! Mmeshakaa kwenye kiti cha hakimu, mmesoma hukumu tatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyemhoji shahidi.

Kiswahili hakikuachii pa kujificha. Ukisema walihama, msomaji anaona familia inafunga vyombo kwa utaratibu, kama mtu anayetoka Sinza kwenda Kinyerezi. Ukisema walifukuzwa, mfukuzaji yupo, na msomaji atamtafuta: ni wale wenye bunduki waliokuwa wakiwaua Wapandit mmoja mmoja tangu 1989, au na majirani pia? Ukisema walihamishwa, umemnyooshea kidole Jagmohan, gavana aliyeteuliwa na serikali ya India Januari 1990, kwa sababu Waislamu wengi wa Bonde wanaamini serikali ndiyo iliyowarahisishia Wapandit safari ili Waislamu wabaki peke yao mbele ya jeshi. Mpandit akisikia hivyo anaona anaambiwa hofu yake ilikuwa maigizo. Serikali ya India kwenye makaratasi yake inawaita "wahamiaji". Wenyewe wamelikataa neno hilo kwa miongo, wanataka waitwe wakimbizi wa ndani.

Mimi siku hizi naandika "waliondoka kwa hofu", kisha sentensi inayofuata inasema nani anamlaumu nani. Si tamu kusoma. Lakini hakuna aliyehukumiwa na kiambishi.

2. Tarehe.

Chunga unaanzia wapi. Oktoba 26 upande wa India ni sikukuu, siku Maharaja Hari Singh, mtawala wa Kashmir, alipotia saini kujiunga na India mwaka 1947. Kesho yake, Oktoba 27, siku wanajeshi wa India walipotua Srinagar, mji mkuu wa Bonde, upande wa Pakistan ni siku nyeusi. Wapandit wanakumbuka Januari 19, siku wanayoihesabu kuwa mwanzo wa kuondoka kwao. Waislamu wa Srinagar wanakumbuka Januari 21, waandamanaji walipopigwa risasi daraja la Gawkadal. Mwaka uleule, 1990, tofauti ya siku mbili tu, na kila upande una mishumaa yake.

Wapo wanaoanzia mbali zaidi, 1846, Waingereza walipomuuzia Gulab Singh, mtawala wa Jammu, nchi ya Kashmir pamoja na watu wake kwa rupia laki 75. (Ndiyo, laki ni hii hii yetu.) Nawapenda wanaoanzia hapo, maana wanajua kwamba mwenyeji aliuzwa kabla hajaulizwa. Ila usianzie hapo kwa sababu tu msimamizi wako anapenda "usuli".

3. Majina na ramani.

Andika "inayotawaliwa na India", "inayotawaliwa na Pakistan", endelea na kazi. Gilgit-Baltistan si sehemu ya Azad Kashmir, ingawa zote mbili zinatawaliwa na Pakistan, acheni kuziunganisha kwenye mchoro.

Na nani ni Mkashmiri? Rasimu zote tatu zinadhani ni yule wa Bonde anayesema Kikashmiri, basi. Nendeni Bradford, Uingereza, mkawaulize watu wa asili ya Mirpur, wilaya ya Kashmir iliyo upande wa Pakistan. Nyumbani wanasema Kipahari, wengi hawajui neno la Kikashmiri, na bado Mkashmiri ndilo jina wanalojiita. Miaka ya 1960 Pakistan ilijenga bwawa la Mangla, Mirpur ya zamani ikazama, watu zaidi ya 100,000 wakapoteza makazi, na wengi wao wakaenda Uingereza. Hao hamjawagusa. Nadhani ni kwa sababu waliondolewa na maji, na maji hayana bendera ya kuchoma. Hamjawagusa pia Waislamu wa Jammu, kusini mwa Bonde, waliouawa na kukimbizwa vuli ya 1947, wala Wahindu na Masingasinga waliouawa Mirpur Novemba ileile. Kila mmoja wenu kachagua maiti zake.

4. Rekoda isizimwe.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa pili Delhi. Nikapata mahojiano na mama mmoja wa Kipandit, ghorofa ya tatu, feni inazunguka kama imelazimishwa. Yeye na marehemu mumewe walitoka Habba Kadal, Srinagar, Machi 1990. Kihindi changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nikaenda na mwanafunzi mwenzangu anitafsirie, binti wa Srinagar, Mwislamu. Nilijiona mjanja sana kwa uteuzi huo.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri, kwa maana kwamba mama alisema yote niliyokwisha kuyasoma. Kisha akamuuliza binti kwao ni mtaa gani. Binti akamwambia. Wakahamia Kikashmiri wote wawili, na mimi nikabaki nimeshika rekoda kama mpiga ramli. Nikasikia neno "wangan" mara nne. Nikauliza, wanasema nini? Binti akajibu haraka bila kunigeukia: "Biringanya." Kule watu hukausha mboga wakati wa kiangazi, wanazitunga kwenye uzi na kuzining'iniza darini kwa ajili ya baridi. Kumbe mama aliacha tungo za biringanya darini.

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nikabonyeza kusitisha. Nikakunja mguu, nikasubiri wamalize habari za mboga turudi kwenye historia.

Wakaongea karibu robo saa. Mama alicheka, akajifuta macho kwa pembe ya sari, akaonyesha kwa mikono urefu wa kitu. Mimi nikaangalia saa. Nikabonyeza tena pale aliporudi kwenye Kihindi kunieleza habari za kambi za Jammu.

Kwenye basi ndipo binti aliponiambia. Kiangazi kilichofuata, mama yuko Jammu kwenye hema, joto ambalo mtu wa Bonde hajawahi kulijua, dereva wa lori alimletea gunia. Ndani mlikuwa na zile tungo zake za biringanya. Jirani yake Mwislamu aliingia darini, akazishusha, akamtumia. Hakuandika barua. Mama mpaka leo hajui kama jirani alikuwa akimwambia "nakukumbuka" au akimwambia "hutarudi tena".

Nilihisi tumbo linashuka. Tasnifu yangu nzima ilikuwa ndani ya lile gunia, na mimi nilikuwa natunza betri.

Nikarudi baada ya wiki tatu. Safari hii mwanawe wa kiume alikuwepo, na binti hakuweza kuja. Nikaomba habari ya gunia. Mama akaniangalia, akamwangalia mwanawe, akasema ndiyo, kuna mboga walizoacha. Basi. Jirani hakuwemo tena. Alisimulia kama anatoa maelezo polisi. Kisha mwanawe akaniuliza: "Na wewe utaandika tuliondoka au tulifukuzwa?" Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kunyamaza nikaanza: "Lakini hata Gawkadal..." Nikataja na idadi ya waliokufa. Nyumbani kwa mama wa watu, nikiwa nimeshika kikombe chake.

Hakunijibu mtu. Vikombe vikakusanywa, changu kikiwa bado nusu.

Jirani niliandika kwa kumbukumbu ya binti. Msimamizi akakata aya nzima kwa kalamu nyekundu: hakuna ushahidi. Alikuwa sahihi. Na hadi leo sijui simulizi ipi ni ya mama: ile ya mbele ya binti wa mtaa wa jirani, au ile ya mbele ya mwanawe aliyekulia kambini. Pengine zote. Lakini moja ninayo kwenye kanda na nyingine ninayo kwenye majuto.

5. Madogo madogo.

Betri mbili. Usajili wa FRRO, ofisi ya India inayosajili wageni, usicheleweshwe, na ukilala hoteli hakikisha wametoa taarifa zako kwa ofisi hiyo. Chai ya kule ina chumvi, usikunje uso. Usitaje jina la mhojiwa hata akikuruhusu, maana anayekuruhusu leo ana mjomba upande wa pili wa Mstari wa Udhibiti, ule unaogawa Kashmir ya India na ya Pakistan.

6. Takwimu.

Rasimu ya pili inasema Wapandit 500,000 walitoka Bondeni. Mdogo wangu, sensa ya 1981 ilihesabu Wahindu wapatao 124,000 kwenye Bonde zima. Umeitoa wapi nusu milioni, kwenye maandamano? Mwaka 2010 serikali ya jimbo ililiambia bunge lake kwamba Wapandit 219 waliuawa tangu 1989. Jumuiya zao zinasema ni zaidi. Andika zote mbili na nani kasema. Fanya hivyohivyo kwa waliopotea mikononi mwa vyombo vya dola, ambao wake zao huitwa wajane nusu. Huwezi kuwa mkali kwa takwimu za huku na mlegevu kwa za kule, wasomaji wako wana macho.

Rasimu ya tatu, wewe ndiye niliyekusudia kukupigia simu. Kitenzi nimekusamehe. Ila kiambatisho chako, mahojiano ya nne, yule mzee aliyevuka kwenda Muzaffarabad, upande wa Pakistan, umeandika kwenye mabano: "mhojiwa anatoka nje ya mada, dakika 7." Sura nzima nakurudishia bila alama. Kasikilize hizo dakika saba, uniandikie alichosema.