Simba hakumfuata bibi yangu, alimfuata nguruwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza: "Mnyama mkali akizoea kuingia vijijini, auawe au ahamishiwe hifadhini?" Nimelisoma mara tatu, na kila nilipolisoma niliona kwamba limeandikwa na mtu anayelala nyumbani kwake, ndani ya mlango wenye komeo. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwa kuwa hata mimi siku hizi nalala Mbagala na mnyama mkali ninayemwogopa ni bodaboda. Lakini nilizaliwa Rufiji, kaskazini ya mto, ukitoka Ikwiriri kuelekea Mloka, na wengi wa tuliowazika katika miaka ya simba hawakufuatwa vitandani mwao. Walikuwa mashambani wakilinda mazao. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kujibu swali la jirani ya hilo lenu: mtu alikuwa anatafuta nini shambani saa nane za usiku?

Nisije nikaonekana nakwepa, jibu langu kwa swali lenyewe ni fupi: auawe. Wasomaji waliotangulia, ambao wengi wameandika kwa huruma nyingi juu ya mfalme wa nyika, naona wamemjua simba kutoka juu ya gari la watalii.

Kuanzia Agosti 2002 hadi Aprili 2004 simba aliua takriban watu 35 katika vijiji vya kwetu. Baadhi ya watu walimpa jina la Osama, kwa kuwa ndilo lililokuwa likitajwa redioni kila siku. Wengine walisema ni simba wa kutumwa, na maneno hayo yalikuwa na hasara mbili: wazee wasio na hatia walianza kutazamwa kwa jicho baya, na vijana wakasita kwenda msakoni, maana nani atamlenga mtu aliyevaa ngozi? Alipopigwa risasi hatimaye, alionekana kuwa dume changa la miaka kama mitatu na nusu, tena mwenye jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Watu wa mjini walilipenda sana lile jino. Jino bovu humpa kila mtu nafuu, kwa sababu lawama inabaki kinywani mwa simba mmoja aliyekwisha kufa. Mimi halikunitosheleza. Takwimu zilizochapishwa na watafiti mwaka 2005 zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 300, wengi wao huku kusini mashariki, na haiwezekani simba wote hao walikuwa wanaumwa meno. Watafiti haohao waliona kwamba mashambulizi huongezeka miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na kwamba hutokea zaidi mahali ambapo wanyama wengine wa kuliwa wamepungua na nguruwe pori wamejaa. Simba humfuata nguruwe, nguruwe humfuata mpunga, na katikati ya mpunga, juu ya miti minne, yupo mtu na debe lake.

Dungu sina haja ya kulieleza kwa msomaji wa kwetu. Kwa wengine niseme tu kwamba ni kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa nyasi, chenye ngazi ya kupandia, na kwamba Mrufiji huhamia humo na familia yake msimu mzima. Zamani watu waliishi bondeni, karibu na mashamba yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, serikali iliwahamishia juu kwenye vijiji vya ujamaa, palipo na barabara, shule na zahanati, jambo ambalo silipingi kwa kuwa nimesoma katika mojawapo ya shule hizo. Mashamba hayakuweza kuhamishwa. Yalibaki kwenye rutuba yao bondeni, mwendo wa saa moja au mbili kutoka nyumbani, na tangu hapo aliyetaka kuvuna ilimbidi alale mbali na kijiji.

Ilikuwa Mei mwaka 2003. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyofaa kutajwa hapa, nikapelekwa nikakae na bibi dunguni kwa sababu mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha masuke. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno, aliyeniita mke mwenzangu kila alipokuwa na furaha na kuniita kwa jina kamili la shuleni nilipokosea. Mwaka ule aliongeza urefu wa nguzo za dungu lake kwa mkono mzima, na usiku tulipandisha ngazi juu. Kiasi cha hatua mia na hamsini kutoka kwetu lilikuwapo dungu la jirani, mwanamume wa makamo ambaye familia yake ilikuwa kijijini kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua. Alikuwa na kandili na redio ndogo, na kwa redio ile sisi sote wa upande ule tulijua saa.

Utaratibu wao ulikuwa huu: kila baada ya muda bibi alipiga debe mara tatu, kisha akaita, "Mpo?" Naye jirani alijibu, "Tupo!" Nilimwuliza bibi kwa nini anasema tupo wakati yuko peke yake. Akaniambia kwamba mtu hasemi nipo usiku, kwa kuwa hujui nani mwingine anayesikiliza.

Usiku ninaousema mwezi ulikuwa umepita ukamilifu wake kwa siku tatu au nne. Nalikumbuka hilo kwa sababu ya lile giza zito la mwanzo wa usiku na mwezi mwekundu uliochelewa kuchomoza. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti walipolinganisha mamia ya mashambulizi na kalenda ya mwezi, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, walikuta kwamba siku zinazofuata mwezi mpevu ndizo za hatari kubwa, hasa katika saa hizo za giza kabla mwezi haujatoka, kwa kuwa simba hushindwa kuwinda vizuri kwenye mwangaza na huwa amekaa na njaa. Sisi hatukuwa na kalenda hiyo. Tuliswali isha, tukala ugali na kambale, tukajifunika shuka moja.

Nguruwe walikuja mapema. Aliyewahi kuwasikia anajua kwamba hawaji kwa siri. Wanavunja mabua, wanatafuna kwa sauti, wanagombana kama watu walioalikwa karamuni. Bibi alipiga debe, wakakimbia, wakarudi, akapiga tena. Tulifanya hivyo labda mara sita. Halafu wakanyamaza. Hawakukimbia kwa mkupuo wa kishindo kama mara zilizotangulia. Walinyamaza kwa pamoja, kama watu waliokatizwa mazungumzo na mgeni. Bibi aliondoa mkono wake juu ya debe polepole sana, akauweka juu ya goti langu.

Tulisikiliza. Vyura walikuwa wanaendelea, na redio ya jirani ilikuwa inaendelea, taarabu ya sauti ya chini. Baada ya muda ambao siwezi kuukadiria bibi aliita, "Mpo?" Redio ikaimba. Akaita mara ya pili, kwa sauti ambayo sikuijua kwake, na mwanga wa kandili ulikuwa ukionekana palepale, haujasogea, na mtu hakujibu. Mara ya tatu hakuita. Tukasikia kitu kikianguka upande ule, mti juu ya mti, kisha tukasikia tena taarabu, kisha kituo kikafunga matangazo na ukabaki mkwaruzo tu, ambao uliendelea hadi alfajiri au hadi betri zilipokwisha, sijui kipi kilitangulia. Bibi alikuwa akisoma Yasini kwa midomo bila sauti. Alinyamaza mara moja tu, akaniambia, "Kesho tutamzika, mke mwenzangu, kama kutakuwa na cha kuzika." Alinipa jina la furaha usiku huo, na hadi leo sijaelewa kwa nini.

Simba mwenyewe sikumwona. Msomaji aliyekuwa akimsubiri anisamehe.

Asubuhi hatukushuka hadi jua lilipopanda na watu wa madungu ya mbali walipokuja kwa pamoja wakipiga madebe, wanaume watano wenye mapanga na mmoja mwenye gobori. Tulikuta nyayo zimezunguka dungu la jirani, kubwa, zimejaa maji, na ngazi imelala chini. Damu hapakuwa. Wale wanaume walianza kutafuta mburuzo kwenye majaruba, wakienda na kurudi, na walikuwa bado wanatafuta alipotokea kwenye njia ya kijijini jirani mwenyewe, amevaa shati safi, mswaki kinywani. Alikuwa ameondoka tangu magharibi. Aliwasha kandili, akafungua redio, akashuka ngazi na kwenda kulala kwa mkewe. "Niliwaachia nguruwe redio," alisema, akijaribu kucheka.

Wale wanaume walicheka kweli, kwa kuwa walikuwa wamejiandaa kuokota maiti. Bibi hakucheka. Alimwambia, "Tulikuwa madungu mawili. Umetuacha dungu moja, na hukutuambia." Mengine hakuongeza, na tangu siku ile hakuitikia salamu yake hadi mavuno yakaisha. Yule bwana hakurudi tena kulala shambani. Nguruwe walichukua siku mbili kuelewa kwamba redio haipigi debe, wakamaliza shamba lake; alivuna gunia moja na nusu. Ilipofika Ramadhani bibi alinituma kwa mkewe na debe mbili za mpunga, akanionya nisiseme zimetoka wapi, kana kwamba kijijini kulikuwa na mtu asiyelijua debe lake lililobondeka kwa kupigwa.

Kwa miaka mingi nilimhesabu mtu yule kuwa mwoga. Sasa nina watoto wawili, na ninapoandika haya naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyelijibu swali lenu kwa vitendo: alimhamisha aliyeweza kumhamisha, yaani nafsi yake. Akabaki hai, na watoto wake wakala mpunga wa kuombewa. Hakupata msaada wowote kwa hasara ile, na alipokwenda kueleza shida yake kwenye ofisi moja, ambayo siitaji, aliulizwa kama kuna mtu aliyekufa. Baadaye, mwaka 2011, zilitungwa kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au majeraha. Kwa aliyeuawa ziliwekwa shilingi milioni 1. Majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa fidia hudaiwa, na kifuta machozi hupokelewa.

Hapa ndipo jibu langu la mwanzo linaponiponyoka. Nimesema auawe, na simba yule mmoja, aliyekwisha kuonja watu, nasisitiza auawe, tena upesi, si baada ya miezi 20. Kumhamisha ni maneno tu, kwa sababu alikotoka ni hukohuko Selous, ambako sehemu yake tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kati ya hifadhi na mpunga wetu hakuna ukuta. Lakini wakimalizwa simba wote, kama mjomba wangu anavyotaka, nani atamla nguruwe? Sisi kwetu wengi ni Waislamu. Nguruwe hatumli, hatumwindi, na hata kumgusa akiwa amekufa ni shughuli. Katika bonde lile simba ndiye mwenzetu mkubwa katika kazi ya kulinda shamba, na nakiri kwamba sikutarajia kuandika sentensi hiyo, wala bibi asingependa kuisoma. Mamba sitawagusa, maana mhariri atakata.

Kwa hiyo, kama mnanilazimisha kuchagua, nachagua simba abaki na dungu liondoke. Nguruwe wapunguzwe na wawindaji wenye vibali kutoka kwa watu wanaowala, ingawa hapo pia naogopa, kwa kuwa simba atakayekosa nguruwe ghafla anaweza kunigeukia mimi. Mashamba yazungushiwe mitaro au seng'enge, ingawa najua bei ya seng'enge na najua mto ule unavyofanya mitaro. Au vijiji virudishwe karibu na mashamba, ingawa mafuriko ya Aprili 2024 yamewakumbusha wote kwa nini tulipandishwa juu. Kila nikiweka pendekezo, naona ingawa yake imekwisha kuliketia.

Bibi alifariki miaka saba baada ya usiku ule, kitandani, kwa shinikizo la damu. Shamba analima binamu yangu, naye analala dunguni msimu wote. Majuzi nilimwuliza wanaitanaje siku hizi. Alisema yeye na mwenye dungu la pili wanapigiana simu kila saa, na salio likimwishia mmoja wao anarudia debe. Tangu mazungumzo hayo, kila Ijumaa ya Aprili na Mei namtumia salio la shilingi 2,000, na nimemwomba namba ya yule wa dungu la pili nimtumie na yeye.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam