Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Bani Umayya kwa Njia ya Mtandao

SWALI: Mhariri, ninasoma historia ya dola za Kiislamu na ningependa kuchunguza sarafu za karne ya kwanza Hijria, ila makumbusho yanayozihifadhi yako mbali nami. Je, picha zilizowekwa mtandaoni zinatosha?

JIBU: Kwa kusoma maandishi zinatosha, na katika sarafu hizi maandishi ndiyo shabaha yenyewe. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, wa ukoo wa Bani Umayya, aliondoa taswira za watu kwenye dinari (sarafu za dhahabu) mwaka 77 Hijria (696/697 BK), na dirhamu (sarafu za fedha) zikafuata mwaka 79. Ukifungua hazina ya mtandaoni ya British Museum, au ile ya American Numismatic Society ya New York, linganisha dinari za kabla ya hapo, zenye khalifa aliyesimama na upanga, na zile za baadaye zilizojaa shahada na aya za Kurani.

Nakushauri uanze na dirhamu, kwa kuwa ukingoni mwake, baada ya bismillahi, hutajwa mji na mwaka, ilhali dinari nyingi za Bani Umayya hazitaji mji. Mwaka umeandikwa kwa maneno, tena kwa Kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani, kisicho na nukta, na hapo ndipo penye mtego: “sab‘” (saba) na “tis‘” (tisa) hubaki meno manne (vijistari vifupi vya kusimama) yaliyofuatana kabla ya herufi ‘ayn, hivyo 79 na 97 huweza kuchanganywa. Kuza picha utazame kama jino mojawapo limeinuliwa, kisha uulize historia. Dirhamu ya Wasit haiwezi kuwa ya mwaka 79, kwani al-Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraki, aliujenga mji huo miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo usiyapokee maelezo ya makumbusho kabla ya kusoma mwenyewe. Walioyaandika ni watu, na baadhi yao waliyaandika zamani.

Picha pia haina ukubwa halisi, basi nakili uzito na kipenyo kutoka kwenye maelezo. Dinari mpya ilikusudiwa kuwa na gramu 4.25 hivi na dirhamu karibu 2.9, iliyopungua sana huenda imekatwa kingo au imechakaa. Kama ndani ni shaba iliyopakwa fedha, picha haitakuambia kwa yakini, na swali hilo mwandikie mhifadhi ukitaja namba ya usajili ya sarafu.