Kabla ya Kuomba Msaada wa Halmashauri, Hakikisha Umo Kwenye Daftari Lake

Wakati wa korona nilikuwa najitolea katika ofisi ya kata, kazi yangu ikiwa kuwasaidia watu kujaza fomu za msaada wa dharura. Walikuja wazee wanaoishi peke yao, wapangaji waliosimamishwa kazi, vinyozi, mafundi cherehani, wenye vibanda. Wengi walipata chochote. Waliokosa, si kwamba shida zao zilikuwa ndogo. Ama halmashauri haikuwa na jina lao popote, ama ilikuwa nalo lakini limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna mvuto wowote: jiandikishe sasa, wakati hakuna ugonjwa. Leseni ya biashara iwe hai. Jina lililo kwenye leseni lifanane na lililo kwenye akaunti ya benki. Mpangaji awe na mkataba wenye saini. Anayelipia eneo la biashara atunze risiti zake, hata zile zilizofifia wino. Ni mambo ambayo mtu huyaahirisha mwaka hadi mwaka kwa kuwa hayamletei chochote siku hiyo, na mimi mwenyewe si mpenzi wa makaratasi. Lakini janga likishaingia, watu wa kwanza kufikiwa ni wale ambao tayari wamo kwenye daftari.

Sababu yake ni rahisi. Serikali kuu ina fedha, ila haimjui kinyozi wa mtaani. Halmashauri inamjua, kwa kuwa humtoza. Orodha za walipa kodi, wenye leseni, wapangaji wa nyumba za umma na kaya zenye kipato cha chini zimo kwenye makabati yake. Dharura inapotokea hakuna muda wa kuhesabu watu upya, kwa hiyo orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoza ndiyo hugeuzwa kuwa orodha ya kugawia.

Huko England jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 2020. Serikali ilipotangaza ruzuku za kuokoa biashara, kazi ya kuzigawa ilipewa halmashauri kwa sababu ndizo zinazokusanya kodi ya majengo ya biashara. Kulikuwa na ruzuku ya pauni 10,000 kwa biashara ndogo zilizokuwa zikipata nafuu ya kodi hiyo, na nyingine ya hadi pauni 25,000 kwa maduka, migahawa, hoteli na sehemu za burudani. Hazikuwa mikopo. Ila biashara ilitakiwa iwe imo kwenye orodha ya kodi tarehe 11 Machi 2020, siku ileile Shirika la Afya Duniani lilipotamka kwamba korona imekuwa janga la dunia. Kama ulifanyia kazi ndani ya jengo la kuchangia, kodi ikalipwa na mwenye jengo, hukuonekana. Kama uliuza kwenye meza ya sokoni isiyo na akaunti yake ya kodi, hukuonekana pia. Mauzo yako yameporomoka sawasawa na ya jirani mwenye duka, lakini yeye ana ankara yenye jina lake na wewe huna.

Tarehe 1 Mei ukatangazwa mfuko mwingine wa hadi pauni milioni 617. Safari hii halmashauri zilipewa uhuru zaidi wa kuamua nani apewe na kiasi gani, na wachuuzi wa sokoni pamoja na wanaochangia majengo wakatajwa miongoni mwa watu wa kufikiriwa kwanza. Masharti yake yaliangalia mambo mengine: je, una gharama za jengo zisizokwepeka, na je, kipato chako kimeshuka sana kwa sababu ya ugonjwa? Aliyenyimwa mwezi Aprili akakata tamaa, hakujua kwamba Mei kuna dirisha jingine lenye masharti yanayomfaa.

Togo nayo ilitumia daftari, ingawa mpango wake ulikuwa wa serikali kuu. Mwezi Aprili 2020 ilianzisha Novissi, iliyotuma fedha kwa simu kwa watu wa sekta isiyo rasmi. Mtu alijisajili kwa kadi yake ya mpiga kura, na kazi iliyoandikwa kwenye daftari la wapiga kura ndiyo iliyosaidia kuonyesha kama anastahili. Hebu fikiria: siku ya kujiandikisha kupiga kura unaulizwa kazi yako, unajibu lolote ili foleni isogee, kisha jibu hilo linakuja kuamua kama utapata fedha za chakula.

Sisemi kwamba utaratibu huu ni wa haki. Mtu maskini kuliko wote mara nyingi ndiye asiyekuwa kwenye daftari lolote. Lakini ukiwa na njaa hutabadilisha utaratibu siku hiyohiyo, kwa hiyo afadhali uujue.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Watu wengi niliowasaidia walitaka kuandika historia ya maisha yao. Mama mmoja alikuja na kurasa kadhaa zilizojaa mwandiko, kuanzia alivyofiwa na mumewe. Yalikuwa ya kweli na yalinigusa. Tatizo ni kwamba anayesoma ana rundo la maombi mezani na orodha ya vitu vya kuweka alama ya vema. Anatafuta jina, namba ya leseni au ya akaunti ya kodi, tarehe biashara ilipofungwa, mapato ya kabla na baada, akaunti ya kupokelea fedha. Akivikosa ukurasa wa kwanza, ombi linawekwa pembeni likisubiri ufafanuzi, na kule pembeni linaweza kukaa hadi fedha ziishe. Kwa hiyo tulimsaidia yule mama kuweka mambo hayo juu, kwa sentensi fupi, na maelezo yake marefu tukayaambatisha nyuma. Hakuna kilichopotea.

Mapato ya kabla na baada ndipo wengi hukwama, hasa wanaouza kwa fedha taslimu. Daftari la mauzo la mkono linafaa, mradi limeandikwa siku kwa siku. Miamala ya simu inafaa. Ankara za mzigo ulionunua zinafaa pia, maana anayenunua mzigo kila wiki kisha ghafla akaacha, mtu yeyote ataelewa biashara imesimama. Usibuni hesabu jana yake usiku. Karani aliyesoma maombi mengi huzitambua hesabu za namna hiyo kwa macho tu, kwa kuwa zote zimeandikwa kwa kalamu moja na zote zinaishia na sifuri.

Ukishawasilisha, usiondoke bila namba ya kumbukumbu au nakala iliyogongwa mhuri. Kama umetuma kwa mtandao, piga picha ya ukurasa unaosema ombi limepokelewa. Nimewaona watu wakiambiwa ombi lao halipo, na aliyekuwa na namba alitafutiwa hadi likapatikana. Asiyekuwa nayo alipewa fomu mpya.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kuna kukataliwa kwa kuwa hustahili, na kuna kukataliwa kwa kuwa kiambatisho hakifunguki au jina limekosewa herufi moja. Hiyo ya pili hurekebishwa bila ugomvi, tena wakati mwingine siku hiyohiyo. Ikiwa ni ya kwanza, uliza maswali mawili: kuna njia ya rufaa, na kuna mfuko mwingine ambao mtu kama mimi hufikiriwa? Swali hilo la pili watu hawaliulizi, na karani hatakwambia kwa hiari yake, si kwa ubaya, bali kwa sababu amechoka na foleni ni ndefu.

Msaada wa halmashauri si fedha mkononi peke yake, na hapa naona watu wengi hupoteza. Wanakuja wakiulizia ruzuku, wakisikia imeisha wanarudi nyumbani, kumbe wangeweza kupunguziwa kodi, kuondolewa ada ya leseni, au kupewa mahali pa kufanyia biashara. Mwaka 2020, mamlaka ya jiji la Vilnius huko Lithuania iliruhusu migahawa kutandaza meza kwenye viwanja na mitaa ya umma bila malipo, ili wateja wakae mbalimbali. England nayo ilitunga sheria mwezi Julai mwaka huohuo kurahisisha vibali vya kuweka meza kwenye njia za waenda kwa miguu, ada yake ikiwekewa kikomo cha pauni 100. Mwenye mgahawa aliyekuwa akingojea fedha tu alipitwa na kibali ambacho huenda kingemwingizia zaidi ya hizo fedha.

Katika nafuu za kodi soma neno kwa neno. Kuahirishiwa si kusamehewa. Barua inayosema hutalipa kwa miezi mitatu inaweza kuwa na maana kwamba mwezi wa nne utalipa yote kwa mpigo. Uliza: deni hili linafutwa au linasogezwa? Na ruzuku yenyewe inaweza kuhesabiwa kama mapato. Uingereza ruzuku zile za biashara zilitozwa kodi ya mapato kama fedha nyingine za biashara. Tenga sehemu yake mapema.

Kwa wakazi wasio na biashara, jambo gumu zaidi nililokutana nalo lilikuwa aibu. Wazee hasa. Unampigia simu, anasema yuko salama, hana shida, Mungu ni mwema. Ukiuliza leo amekula nini ndipo kimya kinaingia. Kama una jirani wa namna hiyo, usimngoje aombe. Mweleze kwamba unapeleka jina lake kwenye orodha ya kaya za kutembelewa, pata ridhaa yake, kisha upeleke mwenyewe. Halmashauri nyingi huhitaji kujua mambo yasiyo chakula pia: nani anatumia dawa za kila siku na hana wa kumchukulia, nani haoni vizuri kusoma matangazo, nani anaishi na mtu anayempiga. Hilo la mwisho liseme faragha, si kwenye foleni mbele ya watu.

Halafu kuna kujitenga. Mtu anaambiwa akae ndani kwa sababu amekutana na mgonjwa, lakini asipotoka hana kipato. England walilitambua hili baadaye kidogo: kuanzia tarehe 28 Septemba 2020 halmashauri zilianza kulipa pauni 500 kwa mfanyakazi wa kipato cha chini aliyeagizwa kujitenga na asiyeweza kufanyia kazi nyumbani. Malipo hayo hayakuja yenyewe, yaliombwa. Popote ulipo, ukipewa amri ya kujitenga, hifadhi ujumbe au barua iliyokupa amri hiyo. Bila hiyo utabaki kueleza tu, na maelezo hayana tarehe.

Matapeli nao hawalali. Janga likianza utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi akikwambia umechaguliwa, bado ada ndogo ya usajili. Msaada wa dharura haulipiwi ada ili uupate. Wala afisa wa kweli haulizi namba yako ya siri. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo kwenye ankara au leseni yako ya zamani. Na kwa wenzetu wanaojaribu bahati kwa kuandika biashara iliyokufa zamani: orodha hukaguliwa baadaye, na fedha zilizotolewa kimakosa hudaiwa zirudi. Niliwahi kuombwa nimjazie mtu fomu ya duka ambalo sote tulijua limeshageuka ghala. Nilimrudishia karatasi yake, akaninunia.

Kuhusu utaratibu wa anayewahi kuomba ndiye apate, mimi siupendi hata kidogo. Unawapendelea wenye intaneti nzuri na muda wa kukaa wakiburudisha ukurasa. Lakini upo, kwa hiyo jiandae. Weka pamoja kitambulisho, leseni, mkataba, taarifa ya benki ya hivi karibuni na ankara yenye jina lako. Vipige picha zinazosomeka, vihifadhi kwenye simu na kwa mtu mwingine unayemwamini. Angalia mbao za matangazo za ofisi ya kata, na umfahamu diwani wako kwa sura, maana fedha za nyongeza mara nyingi husemwa kwenye kikao cha madiwani kabla hazijatangazwa popote.

Tarehe ya mwisho nayo ichukulie kuwa ya kweli. Zile ruzuku za kwanza za England zilifungwa tarehe 28 Agosti 2020, na aliyekuja Septemba na karatasi zilizokamilika hakuwa na pa kuziweka. Ukikuta dirisha limefungwa, acha jina, namba ya simu na namba ya leseni kwa afisa wa biashara, ukamwombe akuweke kwenye orodha ya kuarifiwa. Fedha zilizobaki kwenye mfuko mmoja zinaweza kuhamishiwa mwingine, na wanaopigiwa simu siku hiyo ni wale ambao namba zao ziko mezani.