Hata panya hajazaliwa angani

Swali: Wanaanga wameshafanya mapenzi huko juu?

Hakuna ushahidi. Hili mnaliuliza kila mwezi, nami jibu langu ni lile lile.

Swali: Hedhi huwaje angani?

Huja kama kawaida. Wengi humeza vidonge vya uzazi wa mpango mfululizo ili isije. Dada, usiige kabla ya kumwona daktari.

Swali: Wajapani wamezalisha panya angani. Kinachozuia watu nini?

Rudia kusoma. Kilichokwenda ni mbegu za kiume zilizokaushwa. Timu ya Teruhiko Wakayama iliziweka kwenye kituo cha anga karibu miaka 6, zikarudishwa, na watoto wakatungwa na kuzaliwa hapa hapa duniani. Hakuna mnyama anayenyonyesha aliyetungwa mimba na kuzaliwa angani. Mwaka 1979 Wasovieti walipeleka panya madume na majike pamoja, hakuna aliyezaa.

Novemba 1994 Wamarekani walirusha panya wenye mimba, siku 11, wakarudi kuzaa. Uchungu ulipowashika, mama hao walijikaza karibu mara mbili kuliko wenzao waliobaki duniani. Vitoto vilizaliwa vizima, lakini ukikilaza kimoja chali majini, kilichelewa kujigeuza: tumboni hakikuwahi kujua juu wapi, chini wapi. Baada ya siku chache vilikaa sawa.

Hizo ni siku 11 tu, tena ndani ya ngao ya usumaku wa dunia, inayopunguza mionzi ya anga. Kwa vipimo vya Curiosity, chombo kilichotumwa Mars, kwenda Mars na kurudi, bila kuhesabu siku za kukaa huko, ni takriban milisiveti 660 za mionzi. Kikomo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Mwanaanga hutia saini akijua anachokubali. Mtoto aliye tumboni nani amemuuliza? Wanaotuhubiria miji ya Mars yenye watoto watuonyeshe kwanza panya mmoja aliyezaliwa huko, akakua, akazaa.

Na msiwasahau wanaume. Mionzi huanza na korodani mapema sana, ila barua zote zinauliza tumbo la mwanamke.

Swali: Binti yangu wa kidato cha pili anataka kuwa mwanaanga. Bibi yake anasema hatapata mume wala mtoto.

Bibi shikamoo. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, aliruka Juni 1963, akaolewa na mwanaanga mwenzake Novemba, na Juni 1964 akamzaa Elena, mzima kabisa. Mama, msomee bibi hili, kisha mnunulie binti kitabu cha fizikia.