Viazi vilivyopigwa na jua havihitaji busta

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima viazi mviringo Makete, eka moja na nusu. Nilipanda katikati ya Desemba kwa mbolea ya kupandia, na wakati wa kuinulia udongo nikaweka CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni. Viazi vilipoanza kutoa maua mvua ikakata wiki tatu nzima. Majani ya chini yakawa ya njano na kudondoka. Sasa mvua imerudi na naona machipukizi mapya. Muuza pembejeo ananishauri nipige busta, yaani mbolea ya kupiga kwenye majani, ya kuondoa ukame na niongeze urea ili viazi virudi. Je, vitarudi kama mwanzo?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo urea usiinunue, na busta iache dukani. Kila mvua ya Nyanda za Juu Kusini inapokata katikati ya msimu na kurudi, swali hili hunifikia kutoka pande zote, na karibu kila mara mkulima ameshapewa ushauri huohuo. Unaniuma, kwa sababu hasara ya ukame ameshaipata, kisha anauziwa hasara ya pili.

Chanzo cha kosa ni hayo majani ya njano. Mkulima akiyaona anadhani shamba lina njaa ya naitrojeni, maana ndivyo alivyozoea kwenye mahindi. Kwako yana maana nyingine. Kiazi kikikosa maji huanza kujihami mapema sana, hata kabla hujaona jani limelegea. Mizizi ikihisi udongo unakauka hutuma homoni juu, na vile vitundu vidogo vya kupumulia, ambavyo ni vingi zaidi upande wa chini wa jani, hujifunga ili maji yasipotee. Lakini vikijifunga, hewa ya ukaa nayo haiingii, usanisinuru unashuka, na sukari ya kupeleka chini kwenye viazi inapungua. Majani machanga nayo huacha kutanuka. Ukame ukiendelea, mmea huanza kuyaacha majani yake ya zamani: huyanyonya naitrojeni na virutubisho vingine vinavyoweza kuhama, huvipeleka kwenye ncha, kisha huyadondosha. Kwa hiyo jani la njano uliloliokota limeshanyonywa na mmea wenyewe. Halirudi kuwa kijani hata ulimwagie nini.

Tena CAN yako bado ipo. Mbolea haiingii kwenye mzizi bila maji, na katika wiki hizo tatu sehemu yake kubwa ilikuwa imelala tu ndani ya tuta. Mvua iliporudi ndipo ilipoanza kufanya kazi. Juu ya hapo kuna jambo ambalo mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nchini Kenya, alilieleza mwaka 1958: udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka na kuozesha mboji kwa kasi, na naitrojeni hutoka kwa wingi kwa muda mfupi. Shamba lako limeshapata mbolea ya kukuzia kutoka kwenye udongo wenyewe. Ukiongeza urea sasa, mmea unapokea amri moja tu: ota majani. Sukari inayotengenezwa inakwenda juu badala ya chini, viazi vinachelewa kukomaa, ganda linabaki laini na kuchubuka kwenye gunia.

Sasa, vitarudi? Majani yatarudi. Mmea uliolegea mchana na kusimama jioni hufungua vitundu vyake siku chache baada ya kupata maji, na kwenye makwapa ya majani ya juu hutoka matawi mapya, hayo machipukizi unayoyaona. Usichoweza kurudishiwa ni idadi ya viazi. Kiazi hufungwa kwenye ncha za vikonyo vinavyotambaa chini ya ardhi, na kazi hiyo huanza karibu na wakati wa kuweka vitumba vya maua, yaani pale pale mvua ilipokata. Ukame wa wakati huo hupunguza viazi vinavyofungwa, na vingine vidogo mmea huvinyonya na kuviacha. Ukame ungekuja baadaye, idadi ingebaki ila ukubwa ndio ungepungua. Hili ni zao la mizizi mifupi. Sehemu kubwa ya mizizi yake iko katika sentimita 30 za juu, na kwa msimu mzima linahitaji maji ya kama milimita 500 hadi 700. Ndiyo maana kiazi huteseka wakati mahindi ya jirani bado yamesimama.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, chimbua mashina matatu au manne sehemu tofauti za shamba. Hesabu viazi vilivyofikia ukubwa wa yai la kuku, kisha vitazame upande wa macho, ule ulio mbali na kikonyo. Ukikuta ngozi ya pale ni nyeupe na nyororo kuliko kwingine, au jicho limeanza kuvimba kama kichwa kidogo, ujue kiazi kilikuwa kimesimama na sasa kinaanza kukua mara ya pili. Huko ndiko yanakotoka yale maumbo unayoyajua: kiazi chenye vichwa viwili, chenye kiuno, chenye mpasuko mrefu, au viazi viwili vilivyofuatana kama shanga. Sehemu mpya hunyonya wanga wa sehemu ya kwanza. Kikate uone: upande mmoja unakuwa wa majimaji, kama kioo. Mkaanga chipsi anakifahamu, kwa sababu ncha moja inageuka kahawia wakati nyingine bado nyeupe, na mwaka unaofuata anakwenda kununua kwa mwingine. Kinachochochea ukuaji huo ni joto na udongo mkavu unaofuatwa na maji mengi pamoja na naitrojeni nyingi. Mvua huwezi kuizuia. Urea unaweza.

Kama una mahali pa kuchotea maji, usisubiri udongo ukauke tena ndipo umwagilie kwa kufidia. Maji kidogo kwa vipindi vya karibu ndiyo yanayolinda umbo la kiazi. Na kama matuta yamepasuka, yafukie kwa jembe udongo ukiwa na unyevu, bila kukata mizizi. Ufa unapitisha mwanga, kiazi kinakuwa kijani, na nondo wa viazi naye hupitia humo humo kwenda kutaga.

Ulichonacho mfukoni kiweke kwenye baka chelewa, ule ugonjwa ambao wakulima wengi huuita ukungu. Machipukizi laini, umande wa Makete na mvua zilizorudi ndivyo unavyovipenda. Nimeona mashamba yaliyopona ukame vizuri kabisa yakageuka meusi kwa muda mfupi kwa sababu fedha ya dawa ya ukungu iliishia kwenye busta. Dawa ya kukinga kama mankozebi hupigwa kabla ya madoa, na lazima ifike chini ya majani. Ukigeuza jani asubuhi ukakuta utando mweupe pembezoni mwa doa, kinga peke yake haitoshi tena. Mwone afisa ugani siku hiyohiyo akuelekeze dawa inayoingia ndani ya mmea.

Na hakikisha kwamba kweli ni ukame. Shina lililolegea hata alfajiri, udongo ukiwa na maji, huku majirani zake wamesimama, linatia shaka. Likate karibu na ardhi, chukua kipande kifupi, kitumbukize wima kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupiga. Ng'oa shina pamoja na viazi vyake na udongo unaolizunguka, toa nje ya shamba, safisha jembe. Wapo watu waliopiga busta chupa baada ya chupa kwenye ugonjwa huu wakisubiri mmea "uamke", na kila walipopita kutoka mstari hadi mstari waliusambaza kwa viatu vyao.

Nirudi kwenye busta, maana siuzungumzii mfuko wako peke yake. Tuseme lebo inasema ina naitrojeni asilimia 20, na unaweka gramu 50 kwenye pampu ya lita 20. Hapo pana gramu 10 za naitrojeni. Piga pampu kumi kwa eka, umeweka gramu 100. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mtu anayekuambia chupa hiyo italisha shamba lililokosa maji hajawahi kukaa na kufanya hesabu hii. Mbolea ya majani ina kazi yake pale inapojulikana ni kirutubisho gani kimepungua, hasa vile vinavyohitajika kidogo kama zinki na boroni. Lakini hakuna kirutubisho kinachochukua nafasi ya maji. Kuipiga wakati jua bado kali, jani limefunga vitundu vyake, ni kuunguza kingo za majani machache yaliyobaki.

Kibaya zaidi ni chupa zisizo na lebo inayosomeka, au zenye picha ya kiazi kikubwa na neno "ukame" bila kutaja kilichomo. Mbolea inayouzwa nchini inatakiwa iwe imesajiliwa na TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania, na viuatilifu na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Uliza usajili, soma kiasi cha kila kirutubisho, dai risiti. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, nenda duka jingine. Na usikubali kuchanganyiwa busta, dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye pampu moja ili "kuokoa muda" kama lebo hazijasema vinachanganyika.

Njia nyingine ya mkato inayonisumbua ni ya mbegu. Baada ya mwaka wa ukame viazi vidogo vinakuwa vingi, na mkulima anavitenga vyote kuwa mbegu kwa sababu sokoni havitakiwi. Vidukari huongezeka wakati wa kiangazi na hueneza virusi, na shina lenye virusi nalo huzaa viazi vidogo. Ukichukua udogo kama kigezo, unaikusanya mbegu mbovu kwa mikono yako. Pita shambani sasa, majani yakiwa bado kijani, weka vijiti kwenye mashina yaliyosimama vizuri, yasiyo na majani ya kujikunja wala mabaka. Hayo ndiyo yachimbuliwe peke yake kwanza, na ukikuta shina ulilolitia kijiti limezaa viazi viwili vitatu tu, liondoe kwenye mbegu. Ukiweza kununua, tafuta iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na uwaulize TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kuhusu Unica au aina nyingine inayostahimili joto na maji haba.

Usivune kwa haraka kwa kuogopa bei. Mmea uliopata machipukizi upya unahitaji muda kuvijaza viazi ulivyonavyo. Majani yakianza kuchakaa yenyewe, yakate, acha viazi ardhini kama wiki mbili ganda likaze, ndipo uchimbue.