Ameokoka, Kaacha Pombe: Ushuhuda Huo Unathibitisha Nini?

Kila mtaa una mtu wa namna hii. Juzi alikuwa akilala mtaroni, leo shati limepigwa pasi na ada ya watoto imelipwa. Ukimuuliza, jibu ni moja: Mungu yupo, nitazameni mimi. Kabla hujaitikia amina, au kucheka, pima maneno yake kama unavyopima ushahidi mwingine wowote.

Anza na mabadiliko yenyewe. "Nimepata amani" hakupimiki. Uliza ameacha nini, tangu mwezi gani, na nani mwingine anaweza kulithibitisha. Mashahidi ni mkewe, mwenye duka anayemdai na jirani wa ukuta mmoja, si waliomwona madhabahuni. Halafu angalia mfuko. Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Kwa Waislamu nako, toba haitoshi kwa kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kama kuna haki ya mtu, irudi kwa mwenyewe. Walokole wa uamsho wa Gahini, Rwanda, uliosambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa hilo hilo: kuungama hadharani na kurudisha walichoiba. Anayerudisha mbuzi wa watu amelipia maneno yake. Mpe na muda. Miezi ya mwanzo kila mtu huwa moto. Mimi ningesubiri miaka miwili.

Ukishajiridhisha kwamba amebadilika kweli, bado hujafika kwa Mungu. Andika vyote vilivyobadilika pamoja na imani: marafiki, saa za jioni, ndugu wapya wanaompigia simu asipoonekana, aibu ya kurudi nyuma baada ya kutangaza mbele za watu. Chama cha walevi walioamua kuacha, AA, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hutumia vitu hivyo hivyo: mikutano, kuungama makosa, kuwafidia uliowakosea. Nacho humwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa namna yake. Muumini atasema Mungu ndiye anayezitumia njia hizo. Inawezekana kabisa, ila njia hizo zina nguvu zake hata tukimweka Mungu pembeni kwa muda.

Hapa namba husaidia. Kama Mungu yupo, ungetarajia badiliko hili kwa kiasi gani? Na kama hayupo? Tuseme 9 kati ya 10, na 6 kati ya 10. Gawanya, unapata 1.5. Aliyekuwa nusu kwa nusu kuhusu kuwepo kwa Mungu, yaani 1 kwa 1, anapanda hadi 1.5 kwa 1, ambayo ni asilimia 60, basi. Wengi hukosea hatua inayofuata: wanazidisha 1.5 kwa kila ushuhuda. Shuhuda 20 za kanisa moja zina mchungaji mmoja na marafiki wale wale, kwa hiyo si ushahidi 20 unaojitegemea. Tena walioombewa wakarudi baa hakuna anayewapa maikrofoni. Uliza ni wangapi. Na anayehesabu waliobadilika Gahini ahesabu pia mwaka 1994, katika nchi ile ile, waumini walipowaua waumini wenzao hata ndani ya makanisa. Na waliokufa wakiwaficha majirani nao wahesabiwe.

Kigingi kigumu zaidi ni Malcolm X, mwanaharakati mweusi wa Marekani. Aliingia gerezani mwaka 1946 kwa wizi wa majumbani, akatoka 1952 ameacha sigara, dawa za kulevya na nguruwe, kwa mafundisho ya Nation of Islam, kundi la kidini la Wamarekani weusi. Mwaka 1964 alijitoa, akaenda Hija, akaikana ile imani kwamba weupe wote ni mashetani. Badiliko la kwanza lilikuwa la kweli. Fundisho lililolileta, yeye mwenyewe aliliona lina kosa. Kwa hiyo ushuhuda pekee haukuambii ni dini ipi iliyo sahihi.

Kama mtoa ushuhuda ni wewe, taja tarehe, taja ulichorudisha, taja na mara ulizoanguka. Neno "uthibitisho" liache. Sema kilichokutokea, pamoja na nani alikuwa akikupigia simu usiku ulipotamani kunywa.