Faili lipo, lakini kisomea vitabu kinasema "not found"

Umekompaili programu kwenye kompyuta yako na kuihamishia kwenye kisomea vitabu cha kielektroniki chenye Linux na kichakataji cha ARM, lakini haianzi. Kama ls (amri ya kuorodhesha mafaili) inalionyesha faili na bado unajibiwa "not found", kwa kawaida kinachokosekana ni kipakiaji cha maktaba (loader, kinachopakia maktaba kabla programu haijaanza) ambacho programu inakitafuta. Kwenye kompyuta yako endesha `readelf -l programu | grep interpreter`. Ikitaja /lib/ld-linux-armhf.so.3 na kifaa kina ld-linux.so.3 tu, kompaila uliyotumia siyo: chukua ya arm-linux-gnueabi. Kuunganisha kwa `-static` (maktaba zikiwekwa ndani ya programu yenyewe) nako husaidia, ila kwenye kerneli (kiini cha Linux) ya zamani unaweza kukutana na "kernel too old".

Programu ikianza kisha ikaanguka, kompaili upya kwa `-g -O0` (kuhifadhi taarifa za utatuzi na kuzima uboreshaji), kisha tumia gdb, zana ya kutafuta makosa. Kwenye kifaa: `gdbserver :2345 ./programu`. Kwenye kompyuta: `gdb-multiarch ./programu`, halafu `target remote` na IP ya kifaa ikifuatwa na :2345, `continue`, na ikianguka, `bt` (huonyesha mfululizo wa miito ya kazi uliofikisha hapo). Nakala ya kompyuta ibaki na alama zake zote (symbols: majina ya kazi na vigeu). Iliyo kwenye kifaa unaweza kuipunguza kwa strip.

Usiiamini skrini. Wino wa kielektroniki haubadiliki hadi kiendeshi cha skrini (driver) kiamriwe kuuchora upya, kwa hiyo skrini tupu si ushahidi kwamba programu imekufa. Elekeza makosa kwenye faili, `2>/tmp/kosa.txt`, ulisome kabla ya kuwasha upya.